Kikomo cha Uzito Katika Mapambano ya Roboti: Je, Kibadilishwe?

Utangulizi

Miongoni mwa michezo iliyozaliwa na ufundi wa umeme mwishoni mwa karne ya 20, uko mmoja ambao wapinzani wake si watu bali ni mashine. Wapenzi wa ufundi, wengi wao wakiwa watu wa ridhaa wanaotumia jioni zao na fedha zao wenyewe, huunda mashine zinazoongozwa kwa redio, huziingiza mbili mbili katika ulingo uliozungushiwa kuta, nazo hupigana kwa muda uliowekwa, aghalabu dakika 3, mpaka moja ishindwe kwenda au waamuzi watoe hukumu. Mashine hizo huitwa roboti. Kwa maana kamili ya neno hilo nyingi hazistahili jina, kwa kuwa mwenye kuamua ni mtu aliyeshika redio nje ya ulingo. Lakini jina limekwisha kuzoeleka, nalo ndilo litakalotumika katika makala haya.

Kabla ya kupigana, kila roboti hupandishwa juu ya mizani. Ikizidi uzito uliowekwa kwa daraja lake, hata kwa gramu chache, haikubaliwi mpaka ipunguzwe. Sheria hiyo yaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayozua ubishi mwingi miongoni mwa waundaji. Wako wanaotaka kikomo kiongezwe, wakisema kwamba nafasi zaidi ya uzito humwezesha mwanafunzi kutumia vyuma vya bei nafuu badala ya madini ghali yaliyo mepesi. Wako wanaotaka kipunguzwe, wakisema kwamba mapigo yamekuwa makali kupita kiasi na kuta za ulingo zimekaribia mwisho wa uwezo wake. Tena wako wanaotaka kirekebishwe kidogo tu, ili kilingane na vipimo vya nchi nyingine.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mwanga wa elimu ya mwendo na nishati. Swali lenyewe si la mchezo tu. Upande mmoja uko usalama wa watazamaji, ambao baina yao na vyuma vinavyoruka hakuna kitu isipokuwa ukuta wa plastiki; upande wa pili uko mwundaji mwenye mfuko mdogo, ambaye mashine yake ya miezi mingi yaweza kukosa thamani kwa mabadiliko ya mstari mmoja wa sheria.

Asili ya madaraja ya uzito

Mashindano ya namna hii yalifanyika Denver, Marekani, tangu mwaka 1987 kwa jina la Critter Crunch. Yaliyoupa mchezo huu sifa kubwa zaidi ni yale ya Robot Wars, yaliyoanzishwa na Marc Thorpe mjini San Francisco mwaka 1994. Katika mashindano hayo ya kwanza roboti ziligawanywa katika madaraja, na zile nzito kabisa hazikuruhusiwa kuzidi ratili 100, yaani kiasi cha kilo 45. Wazo la madaraja liliazimwa kutoka katika ndondi, pamoja na majina yake: uzito wa unyoya, uzito mwepesi, uzito wa kati na uzito wa juu. Baadaye, roboti ndogo zaidi zilipoanza kuundwa, waundaji walibuni majina ya wadudu, kama vile uzito wa mbawakawa na uzito wa sisimizi.

Tangu hapo kikomo cha daraja la juu kimepanda mara kwa mara. Robot Wars ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1998, roboti nzito ziliruhusiwa kufikia kiasi cha kilo 80. Mwaka 2001 kikomo hicho kiliongezwa kuwa kilo 100, na mashindano hayo yalipofufuliwa mwaka 2016, kikawa kilo 110. Huko Marekani, mashindano ya BattleBots yalikuwa na daraja la ratili 220, sawa na kilo 99.8, na yaliporudi katika televisheni mwaka 2015 kikomo kikawa ratili 250, yaani kilo 113.4. Kwa hiyo, katika muda wa miaka ishirini na michache, roboti iitwayo nzito ilizidi maradufu ya uzito wa ile ya mwaka 1994.

Katika madaraja madogo ambamo watu wa ridhaa ni wengi zaidi, hali ni ya namna nyingine. Hapa tatizo si kupanda kwa vikomo bali ni kutolingana kwake. Uzito wa mbawakawa huko Marekani ni ratili 3, sawa na kilo 1.36; Uingereza ni kilo 1.5. Uzito wa sisimizi huko Marekani ni ratili 1, sawa na gramu 454. Uingereza ni gramu 150 tu, na roboti sharti ienee ndani ya mchemraba wa inchi 4 inapoanza. Roboti ya Marekani ya kilo 1.36 yaweza kuingia ulingo wa Uingereza, ingawa itakuwa na upungufu wa gramu 140 mbele ya mpinzani wake. Lakini roboti ya Uingereza ya kilo 1.5 haiwezi kupigana Marekani mpaka ikatwe gramu hizo 140. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuwa mfano wa kufanyia hesabu.

Tofauti ya mwili na mashine

Katika ndondi, uzito ni kipimo chenye maana. Mwili wa mwanadamu mwenye mazoezi hukua kwa uwiano: mwenye uzito mkubwa kwa kawaida ana misuli mikubwa, mifupa mizito na mikono mirefu. Bondia hawezi kuamua kwamba kilo 2 alizoongeza zote ziende katika ngumi ya kulia. Ndiyo maana mizani hukisia vizuri kiasi gani mtu ataweza kuumiza na kiasi gani ataweza kustahimili.

Mashine haina uwiano huo. Mwundaji ndiye anayegawa uzito, gramu kwa gramu, baina ya mambo manne: kiunzi na kinga, magurudumu na mota za kwendea, betri na mitambo ya umeme, na silaha. Roboti mbili zenye uzito ule ule zaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja yaweza kuwa kabari ya chuma isiyo na silaha yoyote ila kusukuma. Nyingine yaweza kutoa theluthi ya uzito wake kwa sahani ya chuma cha pua inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mizani huziona kuwa sawa. Ukuta wa ulingo hauzioni hivyo.

Nishati ya silaha izungukayo

Silaha kali kuliko zote katika mchezo huu ni zile zinazozunguka. Sababu ni kwamba zinaweka akiba. Mota ndogo haiwezi kutoa pigo kubwa kwa ghafula, lakini ikipewa sekunde kadhaa huijaza sahani nishati polepole, kama mtu ajazaye mtungi kwa kikombe. Sahani ikigusa mpinzani, akiba hiyo huachiliwa katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kiasi cha nishati mwendo kilichomo katika sahani iliyo sawa unene wake chapatikana kwa kanuni rahisi. Tungamo la sahani likiwa t, na kasi ya ukingo wake ikiwa k, nishati ni robo ya t ikizidishwa kwa mraba wa k. Tungamo likiwa katika kilo na kasi katika mita kwa sekunde, jawabu huwa katika jouli. Nusupenyo haimo katika kanuni hii, kwa sababu imekwisha kuingia katika kasi ya ukingo.

Na ichukuliwe roboti ya kilo 1.36 yenye sahani ya gramu 350, ambayo ukingo wake huenda mita 100 kwa sekunde, sawa na kilomita 360 kwa saa. Nishati yake ni robo ya 0.35 mara 10,000, yaani jouli 875. Ili kupata picha ya kiasi hicho, mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiachwa uanguke kutoka kimo cha kiasi cha mita 1.8 hufika chini ukiwa na nishati iyo hiyo. Mashine inayobeba nishati hiyo yaweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Gramu 140 huenda wapi?

Sasa na idhaniwe kwamba kikomo kinaongezwa kutoka kilo 1.36 hadi kilo 1.5. Nyongeza ni gramu 140, au asilimia 10.3. Mtu asiyepiga hesabu atasema kwamba roboti zitakuwa na nguvu zaidi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi, na jambo hilo si kubwa. Lakini hilo ni kweli tu ikiwa kila sehemu ya mashine itapata fungu lake kwa haki.

Mwundaji hana haja ya kugawa kwa haki. Mota zake za kwendea tayari zatosha, na mitambo yake ya umeme ni ile ile. Akitaka kushinda, atazitia gramu zote 140 katika sahani, akaifanya kuwa nene zaidi. Sahani ya gramu 350 itakuwa ya gramu 490. Kwa kasi ile ile ya ukingo, nishati itapanda kutoka jouli 875 hadi jouli 1,225. Mfuko wa saruji sasa waanguka kutoka mita 2.5. Kikomo kimeongezwa kwa asilimia 10. Dharuba imeongezeka kwa asilimia 40. Mota itachukua muda zaidi kuijaza sahani hiyo, naam, lakini katika pambano la dakika 3 nyongeza ya sekunde chache si kizuizi kikubwa.

Na ichunguzwe pia hali ya kinyume, yaani kikomo kipunguzwe kwa asilimia 10 kwa nia ya kuleta usalama. Mwundaji sharti aondoe gramu 136. Je, ataziondoa katika silaha, ambayo ndiyo tegemeo lake la ushindi? Kwa kawaida ataanza kwa kupunguza unene wa kinga, atatoboa matundu katika kiunzi, na atabadili misumari hesi ya chuma kwa ile ya titani kama ana fedha. Matokeo ni roboti zenye dharuba ile ile lakini zenye miili dhaifu zaidi, ambazo zitavunjika vipande vingi zaidi. Sheria iliyokusudiwa kupunguza hatari yaweza kuongeza idadi ya vyuma vinavyoruka ulingoni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kikomo cha uzito hutawala jumla, wala hakitawali mgawanyo. Kikipanda, nyongeza hukimbilia silaha. Kikishuka, upungufu huangukia kinga. Katika hali zote mbili uwiano baina ya pigo na ustahimilivu huharibika upande ule ule.

Kikomo kile kile, mashine nyingine

Kuna jambo lingine linaloonyesha udhaifu wa mizani. Hata pale ambapo kikomo hakikuguswa kwa miaka mingi, nishati ya silaha imepanda. Katika miaka ya 1990 waundaji walitegemea mota zenye brashi na betri za nikeli na kadimiamu, au zile nzito za risasi na asidi. Baadaye zilikuja mota zisizo na brashi na betri za lithiamu, ambazo kwa uzito ule ule hutoa nguvu nyingi zaidi. Kazi iliyohitaji gramu 500 sasa yaweza kufanywa kwa gramu zilizo pungufu sana, na gramu zilizookolewa zimekwenda kule kule: katika silaha.

Kwa hiyo wanaodai kwamba mapigo ya siku hizi ni makali kuliko yale ya zamani wana haki. Lakini ugonjwa haukuletwa na kikomo, wala kikomo hakiwezi kuutibu. Ratili 3 zimebaki kuwa ratili 3; kilichobadilika ni kile kinachoweza kufanywa kwa ratili hizo.

Sheria ya kukua kwa vitu

Waundaji wengine huuliza: ikiwa kila sehemu itakuzwa kwa uwiano, je, roboti kubwa haitakuwa na kinga kubwa pia ya kutosha? Jibu lapatikana katika sheria ya zamani ya jiometri. Urefu, upana na kimo cha kitu vikikuzwa mara 2, eneo la mkato wake hukua mara 4, lakini ujazo na uzito wake hukua mara 8. Ushupavu wa nguzo, msumari au fito ya chuma hutegemea eneo la mkato. Basi kitu kikikua, uzito hukimbia mbele na ushupavu hubaki nyuma. Mjusi akianguka kutoka darini hujipangusa na kwenda zake. Ng'ombe akianguka kutoka kimo hicho hicho hainuki.

Madaraja ya roboti yanatoa mfano ulio tayari. Roboti ya uzito wa unyoya ya kilo 13.6, ikikuzwa maradufu katika vipimo vyake vyote, hufikia kilo 108.8, yaani karibu kabisa na kikomo cha kilo 110 cha daraja la juu. Silaha yake, kwa kasi ile ile ya ukingo, itakuwa na nishati mara 8. Mikato ya kiunzi chake itakuwa imeongezeka mara 4 tu.

Sheria hiyo hufanya kazi hata katika mabadiliko madogo. Roboti ya kilo 1.36 ikikuzwa kwa uwiano mpaka kilo 1.5, vipimo vyake vya urefu vitaongezeka kwa asilimia 3.3 na maeneo ya mkato kwa asilimia 6.7, ilhali nishati ya silaha itaongezeka kwa asilimia 10.3. Hata mwundaji mwadilifu anayegawa gramu zake kwa haki hawezi kuukwepa mwelekeo huo.

Sababu hiyo ndiyo inayofanya roboti za gramu 150 zirushwe hadi dari la ulingo, zianguke, na kuendelea kupigana, ilhali roboti ya kilo 100 ikianguka vibaya yaweza kupinda ekseli. Kwa hiyo neno "asilimia 10" halina maana moja katika madaraja yote. Katika uzito wa sisimizi wa Uingereza ni gramu 15, pungufu ya betri moja ndogo ya tochi. Katika daraja la kilo 100 ni kilo 10 kamili za chuma.

Kipande kinachoruka hakijui daraja lake

Mintarafu ya usalama, jambo la kuogopwa zaidi si roboti nzima kuugonga ukuta bali ni kipande kilichokatika. Jino la silaha likivunjika huondoka kwa kasi ile ile ya ukingo uliokuwa ukilibeba. Jino la gramu 20 linalokwenda mita 100 kwa sekunde lina nishati ya jouli 100, sawa na ndoo yenye uzito wa kilo 10 inayoanguka kutoka kimo cha kiasi cha mita 1. Tofauti ni kwamba nishati hiyo yote hukusanyika katika eneo lisilozidi ncha ya kidole.

Kasi ya jino hilo haitegemei uzito wa roboti, inategemea kasi ya ukingo tu. Na kwa kuwa kasi imo katika kanuni kwa mraba wake, kila punguzo katika kasi huleta punguzo kubwa zaidi katika nishati. Sahani ya mfano uliotangulia ikishushwa kutoka mita 100 hadi mita 80 kwa sekunde, nishati yake hushuka kutoka jouli 875 hadi jouli 560. Hilo ni punguzo la asilimia 36, nalo limepatikana bila kuigusa mizani na bila kumtaka mtu atoboe kiunzi chake. Waandaaji wa BattleBots walifuata njia hiyo walipoweka kikomo cha maili 250 kwa saa, karibu mita 112 kwa sekunde, kwa kasi ya ncha za silaha.

Mianya katika sheria ya uzito

Historia ya mchezo yaonyesha pia kwamba kila mara uzito unapolegezwa, werevu wa waundaji hufuata mwanya huo. Ili kuhimiza roboti zinazotembea kwa miguu badala ya magurudumu, BattleBots iliziruhusu kuzidi kikomo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 roboti iliyoitwa Son of Whyachi ilitwaa ubingwa wa daraja la juu ikiwa na mtambo wa nyayo zinazosogezwa kwa kamu. Mwendo wake ulikuwa wa kuburura kuliko kutembea, lakini ulitimiza maneno ya sheria, na uzito wa ziada ukatumika kubeba silaha nzito mno. Baada ya hapo sheria ilirekebishwa ili mitambo ya namna hiyo isipate tena upendeleo ule. Werevu huo haustahili lawama. Sheria ilitoa uzito, nao ukaenda mahali ambapo uzito huenda siku zote.

Mfano wa pili unatoka Japani, katika mieleka ya roboti za sumo, ambamo roboti za kilo 3 husukumana bila kuvunjana. Kwa kuwa ulingo wao ni wa chuma, waundaji walitia sumaku kali chini ya mashine zao. Roboti ya kilo 3 kwenye mizani hukandamiza ulingo kwa kani iliyo kubwa kuliko uzito wake, na magurudumu yake hushika kana kwamba imebeba mzigo mgongoni. Hapa pia mizani husema kweli, lakini si kweli yote.

Gharama ya mabadiliko

Sheria hubadilishwa katika dakika chache za mkutano, lakini mashine haibadiliki kwa urahisi huo. Kikomo kikiongezwa, roboti za zamani hazifukuzwi, ila huwa zimepungukiwa. Mwenye fedha hununua sahani mpya na mota kubwa zaidi. Asiye na fedha huingia ulingoni akiwa amekwisha kuwa nyuma. Hoja kwamba nyongeza ya uzito humsaidia mwanafunzi kutumia vyuma vya bei nafuu ina ukweli, lakini ukweli huo hudumu msimu mmoja tu. Mpinzani wake mwenye titani naye amepewa gramu zile zile.

Kikomo kikipunguzwa, hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mashine zote zilizopo huwa haramu siku hiyo hiyo, na kupunguza uzito bila kupoteza ushupavu ndiyo kazi ghali kuliko zote katika uhandisi. Aidha, ulingo wenyewe hujengwa kwa kukadiria daraja fulani. Bamba la polikaboneti lililotosha jana halitatosha kesho ikiwa nishati imepanda kwa asilimia 40, na vyama vidogo vya ridhaa haviwezi kununua kuta mpya kila mara.

Njia zilizo bora zaidi

Ikiwa lengo ni usalama, dawa iliyo karibu na ugonjwa ni kuweka kikomo cha kasi ya ncha au cha nishati ya silaha, kwa kadiri kuta zinavyoweza kustahimili. Kasi ya mzunguko yaweza kupimwa kwa ala ndogo ya mwanga, na nusupenyo kwa rula. Hesabu iliyobaki ni ya mwanafunzi wa sekondari.

Ikiwa lengo ni kupunguza gharama, dawa ni kuweka mpaka kwa malighafi. Huko Marekani limezuka daraja la ratili 1 ambamo mwili wa roboti sharti uwe wa plastiki za aina zilizotajwa, zile zinazotumiwa na mashine za kuchapa vitu tabaka kwa tabaka. Uzito haukuguswa, lakini titani imeondoka mezani na mwanafunzi amepata pa kuanzia. Hali kadhalika, katika uzito wa ratili 30 liko daraja linalozuia silaha kali za kuzunguka, ili mikono ya kuinua, nyundo na vishikio vipate nafasi yake.

Ikiwa lengo ni kulingana na nchi nyingine, basi ndipo penye haki ya kubadili kikomo chenyewe, kwa kuwa hakuna sheria nyingine inayoweza kuleta ulinganifu huo. Lakini hata hapo yafaa maswali manne yajibiwe kwanza. Gramu zitakazoongezwa zitakwenda wapi, nazo zikienda zote katika silaha nishati itakuwa kiasi gani? Je, kuta zilizopo zinastahimili nishati hiyo, si ile ya wastani bali ile ya roboti kali kuliko zote? Je, wenye mashine za zamani wamepewa taarifa ya msimu mzima au zaidi? Na je, lengo lile lile halikuweza kufikiwa kwa kuanzisha daraja jipya kando ya lile la zamani?

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba kikomo cha uzito ni uzio mzuri wa kutenganisha mashine ndogo na kubwa, lakini ni kipimo kibaya cha hatari. Kwa hiyo vikomo vilivyokwisha kuzoeleka vifaa viachwe mahali pake, isipokuwa pale ambapo ulinganifu baina ya nchi unadai vinginevyo na taarifa imetolewa mapema. Hofu ya mapigo makali yafaa ijibiwe kwa sheria ya kasi na nishati. Hofu ya gharama, kwa sheria ya malighafi. Chama kinachotaka kubadili mizani yake kianze kwa kupima ukuta wake.

Maswali ya mazoezi

1. Sahani ya kilo 2 ina kasi ya ukingo ya mita 90 kwa sekunde. Tafuta nishati yake. Itakuwa kiasi gani kasi ikishushwa hadi mita 60 kwa sekunde? (Majibu: jouli 4,050, jouli 1,800.)

2. Daraja la ratili 12, sawa na kilo 5.44, lapendekezwa kuwa kilo 6 kamili. Roboti moja ina silaha ya kilo 1.4. Ikiwa nyongeza yote itatiwa katika silaha, nishati itaongezeka kwa asilimia ngapi kwa kasi ile ile? (Jibu: asilimia 40.)

3. Katika swali la 2, kasi ya ukingo sharti ishushwe hadi sehemu gani ya kasi ya awali ili nishati ibaki kama ilivyokuwa? (Jibu: kiasi cha asilimia 85.)